Mtungi Niliomchagulia Mkwe Wangu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, nyumba yetu ya Nansio, kisiwani Ukerewe, iliungua, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Baba alikuwa mvuvi, na nyumbani alikuwa anauza mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa, debe likikaa nyuma ya mlango. Kibatari kikaangukia debe. Majirani wakaja mbio na ndoo za maji ya ziwa, wakamwaga, na moto badala ya kufa ukatembea juu ya maji mpaka chini ya kitanda cha mama. Jirani yetu mmoja, mwanamke, ndiye aliyepiga kelele, "Acheni maji! Leteni mchanga!" Mchanga ndio ulioua moto ule. Lakini mikono ya baba ilikuwa imeshaiva. Vidole vilishikana, hakuvuta nyavu tena maisha yake yote. Mimi nikatolewa shule darasa la tatu, nikaanza kuanika dagaa za watu.

Naanza na moto huo kwa sababu ulinifundisha kitu kimoja, nikakishika kama dini: moto wa mafuta hauzimwi na kitu chenye majimaji, unazimwa na kitu kikavu. Elimu yangu yote ya moto ni hiyo. Na mwaka jana elimu hiyo nusura iwaue binti yangu na mume wake.

Jinsi nilivyopanda kimaisha sina haja ya kueleza sana. Nilivuka kuja Mwanza na gunia la dagaa. Dagaa zikanichosha, nikaanza kuokota bolti na nati kwenye magereji, naziosha kwa dizeli, nazipanga kwa ukubwa, nauza. Leo nina duka la spea Mabatini. Fundi akikosa kitu mji mzima anaambiwa, "Nenda kwa bibi." Sikubebwa na mtu. Hilo nimelisema kwa sauti miaka mingi sana, na nadhani ndiyo maana watu waliacha kunibishia. Mimi nikafikiri wameacha kwa sababu nina akili.

Binti yangu wa mwisho ameolewa na kijana wa Bukoba, mpole, ana diploma ya magari, anafundisha ufundi chuoni. Ugonjwa wake ni mmoja tu: mashindano ya magari. Amelivua gari dogo la Kijapani viti vyote vya nyuma, amelijaza vyuma ndani kama kitanda cha hospitali, na analikimbiza kwenye barabara za vumbi. Hilo ningeliacha, kila mtu na wazimu wake. Lakini kwenye mashindano hayo dereva anakaa na mtu pembeni anayemsomea njia, kona hii kali, kona ile nyepesi, na huyo msoma njia ni binti yangu.

Nikasema, "Hakuna mtoto niliyemzaa atakayepanda gari hilo mpaka mimi mwenyewe nichague kitu cha kuzimia moto."

Hapa inabidi mtu aelewe mambo ya ukwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai mkeka mmoja, hawashikani mkono, hawatazamani usoni wanapoongea. Na mkwe hamwambii mama mkwe hapana. Akiwa na neno zito linapita kwa mke wake. Kwao Bukoba mambo ni hayo hayo, kwa hiyo hatukuhitaji kufundishana. Kijana akija dukani anasimama nje ya kizingiti, ubavu kwangu, anasema, "Shikamoo mama," mimi najibu, "Marahaba mkwe," na yanayobaki anayabeba binti yangu kwenda na kurudi kama mtu anayechota maji.

Siku ya kuchagua mtungi ilikuwa hivyo. Mkwe yuko nje ameshika kofia yake. Ndani niko mimi, binti yangu, fundi wangu wa siku nyingi ambaye ni mtu wa Musoma mwenye mdomo, na jirani yangu anayeuza tairi, aliyekuja kusikiliza tu maana kwake hakukuwa na mteja.

Fundi akafungua simu, akanionyesha picha. "Mama, iko ya aina tatu. Kuna mtungi wa povu, kuna wa gesi, kuna wa unga. Unafungwa ndani ya gari, paipu zinakwenda kwenye injini na kwa dereva. Moto ukitokea unavuta mara moja, kila kitu kinapulizwa. Wenzetu wa mashindano wengi wanafunga povu."

"Povu ni nini?"

"Ni maji yenye dawa, mama. Yanatoka kama povu la sabuni."

"Maji."

"Maji yenye dawa."

"Kwenye petroli."

"Sasa mama, lile povu linaifunika petroli, linakuwa kama blanketi..."

"Wewe umezaliwa lini? Mimi nimeona kwa macho yangu maji yakibeba moto mpaka chini ya kitanda. Usiniletee sabuni hapa."

Muuza tairi akadakia, "Labda wanataka kulifua gari kabla halijaungua, bibi!" Duka zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Binti yangu akatoka nje, akarudi. "Mama, anauliza kama gesi isingefaa. Anasema haichafui, na mtu anaendelea kuona."

"Gesi inapeperuka. Mwambie gesi ni ya kupikia maharage."

Akatoka tena. Safari hii alikaa kidogo. Nilimwona mkwe akiongea kwa kuinama, anazungusha kofia, mkono mmoja ukipanda machoni na kooni. Binti yangu akarudi, akasimama mbele ya kaunta.

"Anasemaje?"

"Anasema unga ukipulizwa ndani ya gari..." Akanitazama usoni. Uso wangu naujua, nimeutumia kufukuzia wakopaji. "Anasema anashukuru sana, mama."

Nilijua kuna neno limemezwa. Naandika hili taratibu ili nisilikwepe. Nilimwona mwanangu akimeza neno, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshashinda.

Nikaagiza unga. Tena sikuagiza wa gari dogo. Kuna mtu ananiletea spea za mitambo ya migodini upande wa Geita, akaniletea mtungi mwekundu mnene kama mtoto wa ng'ombe, unaofungwa kwenye injini za malori yale ambayo tairi zake zinampita mtu urefu. Nikasema kama unazima lori la namna hiyo, utashindwa na kagari ka watu wawili?

Yule muuzaji, namshukuru, alisema ukweli. "Mama, huu ni wa kwenye injini tu. Sehemu anapokaa dereva hauelekezwi."

Nikamjibu, "Binti yangu hakai kwenye injini."

Fundi akafunga. Midomo miwili ya kupuliza ikaelekea injini, miwili ikaelekea miguuni kwa watoto. Mkono wa kuvuta kwa waya ukawekwa katikati ya viti. Fundi hakusema kitu, na fundi yule akinyamaza ujue kuna jambo. Nikampita bila kumwuliza.

Wiki moja kabla ya mashindano walikwenda kulijaribu gari, barabara ya vumbi mbele ya Usagara. Nilikodi bajaji mpaka huko, nimevaa kitenge kipya. Muuza tairi naye alikuja. Njia nzima nilikuwa namweleza habari za mtungi wangu, kwamba watu wenye diploma wamehangaika na mapovu, mtu wa darasa la tatu ndiye aliyejua.

Mkwe alinisalimia kwa mbali. "Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Nimekuwekea ulinzi."

"Asante sana, mama." Alikuwa anatazama chini. Nikasema moyoni, heshima ya kijana huyu.

Walizunguka vizuri mwanzoni. Halafu wakatokea kwenye kona wakiwa na moshi mbele. Nilidhani ni vumbi. Fundi akasema, "Paipu ya mafuta hiyo," akaanza kukimbia na mtungi wake mdogo wa mkononi. Ulimi wa moto ukachungulia pembeni ya boneti, na hapohapo gari likawa jeupe ndani. Ghafla, kama mtu amepasua kiroba cha ngano. Kioo cha mbele cheupe, madirisha meupe, watu hawaonekani. Gari halikusimama. Lingesimama vipi, dereva haoni breki wala barabara? Likatoka njiani, likapita kwenye majani, likagonga kichuguu kwa upande wa dereva.

Moto ulizimika. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa muda mfupi sana, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisimama pale na kitenge changu nikasema, "Si mmeona?"

Ndipo nikasikia wanavyokohoa.

Si kukohoa kwa mafua. Ni sauti ya mtu anayevuta hewa na haiji. Mlango wa binti yangu ulifunguka, akaanguka nje kwa magoti, mweupe nywele mpaka viatu, fundi akamshika kwapani akamvuta mbali. Binti akawa ananyoosha mkono kwenye gari. "Mkanda," alisema. "Hafungui mkanda."

Mlango wa dereva ulikuwa umebanwa na kichuguu. Njia ilikuwa moja tu, kupitia kiti cha binti yangu. Fundi ameshika mgonjwa, muuza tairi amesimama mbali anapiga kelele kwamba litalipuka. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikafunga kitenge kiunoni nikaingia.

Mikanda ya gari la mashindano si kama ya gari la kawaida. Inatoka mabegani, inatoka ubavuni, mingine inatoka katikati ya mapaja, na yote inakutana kwenye kifungo kimoja chini ya kitovu. Mimi nauza spea, najua kifungo kile kinavyozungushwa. Nikapapasa kwa mikono maana macho yalikuwa yanawaka. Nikafika kwenye mapaja ya mkwe wangu.

Akanisukuma mkono.

Nikarudisha. Akanisukuma tena. Mtu ameishiwa pumzi, anatoa mate na unga, na nguvu iliyobaki anaitumia kuondoa mkono wa mama mkwe mahali usipopaswa kuwa. "Mama," alisema. "Mama, subiri. Aje mwingine."

Hakuna mwingine. Nikampiga kofi la mkono, nikazungusha kifungo, nikamkumbatia kifuani kama mtoto anayetolewa majini, nikamvuta kupitia kile kiti mpaka tukaangukia majani wote wawili. Ovaroli ilikuwa imejaa unga, jasho linauyeyusha, unawasha, akaivua huku anakohoa, akabaki na bukta mbele yangu na mbele ya watu. Nikachukua dumu, nikamshika kichwa, nikammwagia maji machoni. Nikamaliza lile dumu nikaitisha jingine.

"Bibi, geuka basi!" muuza tairi aliniita. "Ni mkwe huyo!" Watu wakacheka kile kicheko cha watu waliokuwa na hofu. Sikugeuka.

Walilazwa, wakatoka. Macho ya mkwe yalivimba, yakapungua. Binti yangu aliongea kwa sauti ya kukwaruza muda mrefu, na kila alipofungua mdomo mimi nilitafuta kitu cha kupanga kwenye rafu.

Ndugu zangu wa Ukerewe walipopata habari walisema nimevunja mwiko, nimemshika mkwe na nimemwona hana nguo, itolewe mbuzi, mambo yasafishwe. Nilitoa mbuzi. Mkwe alikubali mbuzi. Mjini muuza tairi alinitania, akisema sasa bibi anauza na kufungua mikanda. Kila mtu aliamini aibu yangu ni ya kifungo kile. Niliwaacha waamini hivyo, kwa sababu aibu hiyo mbuzi mmoja anaimaliza.

Yangu ilikuwa nyingine. Nilikuwa nakaa nyuma ya duka siku nzima, mteja akiuliza ushauri namwambia akamwulize fundi. Nikikumbuka mkono ule unaonisukuma, nakumbuka pia mkono uliopanda machoni na kooni nje ya kizingiti. Heshima ni ileile. Dukani ilimfunga mdomo, na kwenye gari ilitaka kumfungia palepale. Na mimi miaka yote nilikuwa naila hiyo heshima kama mshahara.

Siku moja nikamwita binti yangu. "Siku ile dukani, alisemaje hasa?"

Hakujifanya hakumbuki. "Alisema unga ukipulizwa ndani ya gari ni upofu. Hataona na hatutapumua."

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Mama, ungekubali?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitafuta ndiyo hiyo kwa bidii. Binti yangu alisubiri kidogo, akaona haiji, akainuka kwenda kuchemsha chai.

Baada ya hapo nilikwenda mwenyewe kwenye gereji ambako mkwe alikuwa analitengeneza gari. Ameinama kwenye injini, boneti iko juu. Akanisikia, akasema shikamoo, akaanza kufuta mikono ili aondoke anipishe, kama inavyotakiwa.

"Usiondoke, mkwe. Kaa hapohapo mbele ya injini."

Mimi nikasimama upande wa kioo. Boneti ilikuwa katikati yetu kama ukuta. Simwoni, hanioni, naona viatu vyake tu kwa chini. Hakuna mwiko uliovunjika hapo. Gari alikuwa nalo miaka yote, na boneti hiyo ilikuwepo siku zote.

"Haya," nikasema. "Niambie mtungi unaofaa. Niambie kama unavyowaambia wanafunzi wako."

Akaacha kufuta mikono. Halafu akaanza, kwanza kwa kujikwaa, kisha vizuri. Akasema maji ya Nansio yalikuwa maji matupu, ndiyo maana mafuta yaliyapanda juu. Povu halipandwi, lenyewe ndilo linalokaa juu ya mafuta, likayanyima hewa. Akasema gesi ni nzuri pia, ila hapa Mwanza nani atatujazia tena? Povu fundi yeyote makini anaweza kulikagua, na mtungi una tarehe yake, ikipita unapelekwa kuhudumiwa hata kama haujatumika. Akasema unga nao una mahali pake, kwenye injini ya lori, ambapo hapana mtu.

Sikuwahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo. Ana sauti nzuri kijana yule. Miaka yote sikujua.

"Basi povu," nikasema. "Ila uwe wa kuvuta kwa waya. Hivyo vya kubonyeza vya umeme mimi siviamini. Umeme ni tapeli."

"Hapana, mama."

Nilihisi shingo inapata moto. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, la kumkumbusha anaongea na nani. Nikashika ukingo wa boneti, nikaushika kwa nguvu.

"Endelea," nikasema.

"Tulipogonga kichuguu mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi. Ule waya niliuvuta kabla ya hapo. Ungekuwa umebaki, nisingeuvuta. Cha kubonyeza kinataka kidole tu. Kina betri yake, hakitegemei ya gari. Na kingine kinawekwa nje, mtu yeyote aliye nje anaweza kubonyeza. Hata wewe, mama, bila kuingia."

Nikaangalia viatu vyake. Vilikuwa bado na unga kwenye mishono.

"Kaununue," nikasema.

"Nitakuletea uuone kwanza, mama."

"Usiniletee. Nikiuona nitausemea."

Akacheka. Nyuma ya boneti, taratibu, lakini alicheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kumwambia nisamehe, na nilikuwa nimelibeba neno hilo kutoka Mabatini mpaka pale. Likagoma. Nikamwambia hizo nati za boneti zimekwisha meno, atume mtu dukani achukue mpya. Nikaondoka. Mpaka leo sijalisema, na ndiyo maana naliandika.

Mashindano walikwenda, mengine wamekwenda tena. Gari halijaungua. Mimi siendi kuangalia. Nakaa dukani simu ikiwa mezani, na binti yangu akimaliza ananipigia. Nikisikia sauti yake kwanza nasikiliza kama inakwaruza, ndipo nasikiliza maneno.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Duka moja la spea Mabatini, lenye rafu za chuma nilizochomelea mwenyewe. Nyumba ya vyumba vinne Butimba, imeezekwa bati. Kiwanja Nansio, palepale nyumba ya baba ilipoungua, nimepanda mihogo. Pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Mbuzi watano, walikuwa sita. Mtungi mwekundu wa lori la mgodini, mtupu, umesimama nyuma ya kaunta ninapokaa. Wateja huuliza kama unauzwa. Hauuzwi.

Mtungi wa povu ulio ndani ya gari si mali yangu. Mkwe ndiye aliyeuchagua.